Breki Zilizonata Kwanza

Inspekta Nyamizi Lugembe aliingia dukani akaomba pedi, na muuzaji, bila kuinua macho kwenye simu yake, akamwelekeza kwa kidevu duka la dawa lililokuwa ng'ambo ya barabara.

"Pedi za breki," alisema Nyamizi.

Nyuma yake Sajenti Sayi alikohoa kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko mbele ya mkubwa wake wa kazi. Muuzaji aliruka kitini kama aliyekalia kaa la moto.

"Astaghfirullahi! Nisamehe, afande. Bila magwanda sikukutambua. Za pikipiki? Bajaji?"

"Baiskeli. Yenye breki za diski."

"Ah!" Muuzaji akaweka simu chini. "Hapo umefika kwa mwenyewe."

Huyu ndiye Abdulnasser, muuza vipuri wa karibu na soko. Kwa ushahidi wake mwenyewe, maana wa mtu mwingine haujapatikana hadi leo, ndiye aliyeleta diski ya kwanza ya baiskeli mkoani Tabora. Anasema watu walipanga foleni kuishangaa, na mama mmoja akang'ang'ania kuinunua awe anakaushia samaki, kwa kuwa ilikwishatobolewa matundu.

Nyamizi aliweka juu ya meza mfuko wa vielelezo. Ndani mlikuwa na diski ya gurudumu la mbele, chuma chembamba cha mviringo chenye upana wa sahani ya chai, na vipande viwili vidogo vya pedi, kila kimoja kama sarafu iliyokuwa na ndoto ya kuwa tofali.

Vitu hivyo ndivyo vilivyompeleka Ngollo mahabusu. Juzi Jumamosi, Murtadha Thuwaini, wa ile familia ya wafanyabiashara wa asili ya Oman, alikuwa akijifua kwa mashindano ya baiskeli ya Njia ya Misafara. Alikwenda hadi Igalula, akageuza, na wakati wa kurudi breki zilimkataa kwenye mteremko wa Tuamzigo. Alivunjika mguu na mkono, akapasuka mdomo. Dada yake, Bi Fakhria, muuza asali, alikwenda kituoni siku hiyohiyo akamtaja Ngollo, fundi wa baiskeli ile, ambaye naye ni mshindani. Mbele ya watu sokoni Ngollo alikuwa amemwambia Murtadha: "Mwaka huu nitakuzika Tuamzigo." Watu walisikia, na watu hao walikuwa tayari kusema. Kesho asubuhi Ngollo angepandishwa kizimbani kwa jaribio la kuua, isipokuwa Nyamizi apate sababu ya kumzuia mwendesha mashtaka.

Mteremko wenyewe uko kwenye kipande cha njia ya zamani ambacho hakikuliwa na lami wala mashamba ya tumbaku. Kwa mtu wa Lushoto ule si mteremko, ni sakafu iliyopigwa na fundi mlevi. Lakini watu wa tambarare kilima chochote wakikipata hukitunza. Wanasema hapo wapagazi walikuwa wakitua mizigo ili washuke wepesi, na kwamba mmoja aliyekataa kutua pembe yake ya ndovu aliteleza nayo, akafika Ujiji siku ileile, akadai posho ya safari nzima. Akalipwa. Hicho ndicho kinachofanya watu wasiiamini hadithi.

Abdulnasser alivaa miwani, akaisogelea diski bila kuitoa mfukoni.

"Hii ni ya Murtadha. Ona mifereji hii. Imelimwa kama shamba la viazi. Nilimwambia!"

"Ulimwambia nini?"

"Afande, diski si diski tu. Kuna ngumu na kuna laini. Ile ngumu inakubali pedi yoyote, za chuma au za rezini. Hii laini inataka rezini peke yake. Soma hapo karibu na katikati."

Nyamizi aliinamisha kichwa. Palikuwa na maandishi madogo yaliyochongwa kwenye chuma: RESIN PADS ONLY.

"Na hizi pedi ni zipi?"

"Chuma! Unga wa chuma uliokandamizwa. Zina maisha marefu, haziogopi tope wala mvua, lakini zinapiga kelele, na diski laini inaumia. Ni kumpa muwa mtoto ambaye hajaota meno. Za rezini ni pole, kimya, zinashika mara moja, ila zinaisha upesi. Murtadha akaniambia, 'Ami, mimi nataka zinazodumu. Chuma ni chuma.' Nikamuuzia. Mteja ni mfalme, hata akiwa mfalme mjinga."

"Kwa hiyo pedi mbaya ndizo zilizomwangusha?"

"Hata kidogo." Abdulnasser alivua miwani. "Zingeila diski taratibu, na angezisikia toka mbali. Mtu haanguki kwa hilo ghafla. Lakini hebu ziangalie uso. Pedi ya chuma huwa na uso mkavu, kama jiwe la kunolea. Hizi zinang'aa. Zimepakwa kitu. Afande, adui wa breki za diski ni mafuta. Tone moja tu, hata la kidole kilichokula maandazi, kwisha habari."

Sajenti Sayi alisogea mbele. Alikuwa Msukuma mkubwa wa umbo, mwenye umri wa kumzaa Nyamizi. Kila asubuhi alimpigia saluti na Nyamizi alimwamkia shikamoo, wakawa wamelipana.

"Mafuta," alisema Sayi kwa kuridhika. "Na nani mwenye kopo la grisi? Ngollo."

"Ngollo huyohuyo," alidakia Abdulnasser, "alikuja hapa wiki iliyopita kuagiza pedi za rezini kwa ajili ya baiskeli hii. Mzigo bado uko Dar."

Nyamizi alimgeukia Sayi. "Mzee Sayi, anayetaka kumuua mtu anamwagizia pedi mpya?"

"Anayetaka kujificha anaagiza, mkuu. Tena anaagiza kitu anachojua hakitafika."

Jibu hilo lilikuwa na akili, na Nyamizi alilijua. Akanunua diski kama ile na jozi ya pedi za chuma, akadai risiti, akatoka.

Ngollo aliletwa kwenye chumba cha mahojiano bila mkanda na bila kamba za viatu, akitembea kwa kuburuza kama mtu aliyevaa viatu vya baba yake. Alikuwa mwembamba, mwenye mapaja ya mwendesha baiskeli.

"Shikamoo afande. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa. Ulisema 'nitakuzika'?"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

Ngollo alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Afande, wewe si Mnyamwezi mwenzangu? Babu wa babu yangu alibeba mizigo ya babu wa babu yake. Tangu hapo sisi ni watani. Kwao kukitokea msiba, mimi ndiye ninayelala kwenye kaburi kabla ya maiti mpaka wanipe kitu nitoke. Mimi ndiye wa kumzika! Ningesema atazikwa na mtu mwingine, hapo ungesema namtakia mabaya."

Sayi alicheka, kisha akakumbuka yuko kazini. "Hakimu hutamwambia hivyo."

"Kwani hakimu hana mtani?"

"Tuache makaburi," alisema Nyamizi. "Mara ya mwisho kuishika baiskeli ile ni lini?"

"Jumatano. Nilikwenda kwao kukaza waya wa gia. Nikaona diski imechimbika. Nikamwambia barazani palepale, dada yake akiwa anasikia: 'Murtadha, diski yako inataka rezini, umeipa chuma, itatafunwa yote.' Akasema sawa, niagize. Nikaondoka."

"Breki uligusa?"

"Nilizibana tu kwa mkono. Zilikuwa kavu, na zinalia kama fisi aliyefumaniwa. Afande, baiskeli ile ukiwa Isikizya unajua Murtadha ametoka nyumbani."

Nyamizi alisimamisha kalamu. "Zilikuwa zinalia?"

"Siku zote. Chuma kwa chuma."

"Grisi yako unaiweka wapi?"

"Kwenye mnyororo na bearingi. Kwenye breki anaweka mwendawazimu."

"Au muuaji," alisema Sayi.

"Muuaji mwenye akili angekata waya, mzee. Kazi ya dakika moja, na mimi nina koleo."

Walipotoka koridoni Sayi alinong'ona, "Mtu gani anajitetea kwa kusema angeua vizuri zaidi?"

"Fundi," alijibu Nyamizi.

Wodini, katika hospitali ya Kitete, Murtadha alikuwa amelala mguu wake ukining'inia, midomo imevimba kiasi kwamba maneno yalitoka yakiwa yamevaa makoti. Nyamizi alivuta kiti karibu.

"Sitakuchosha. Nieleze breki tu. Kuanzia unatoka nyumbani."

"Zilinyamaza," alisema Murtadha.

"Zilinyamaza vipi?"

"Hazikulia. Asubuhi ile. Nikafurahi. Nikasema Ngollo amekuja kuzitengeneza, pedi zimefika."

"Ulimwona Ngollo?"

"Hapana. Nani mwingine?"

"Zilishika?"

Murtadha alijaribu kutabasamu, ikamuuma. "Kuliko siku zote. Pale kwenye reli nilibana kidogo tu, baiskeli ikasimama kama imegandishwa. Nilitaka kupitiliza usukani. Nikiachia, diski inaachia kwa shida, inanata. Igalula pia vizuri."

"Halafu Tuamzigo."

"Ng'ombe mbele. Wengi, wanashuka polepole. Nami nimebana breki kutoka juu, nawafuata nyuma nikiwapigia kelele wachungaji. Kufika katikati, mkono umebana mpaka mwisho, baiskeli inazidi kwenda. Kama sabuni. Na harufu."

"Harufu gani?"

Alifumba macho akitafuta. "Nzuri," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeona aibu. "Nilianguka nikisikia harufu nzuri."

Nje ya wodi Sayi alitikisa kichwa. "Huyo kichwa kimegonga chini. Mafuta ya breki yananukia wapi?"

"Ndiyo maana tunakwenda kuyajaribu," alisema Nyamizi.

Uwanja wa nyuma wa kituo ulikuwa na baiskeli ya doria yenye breki za diski. Fundi wa magari wa kituo aliifunga diski mpya na pedi za chuma kwenye gurudumu la mbele, akaing'oa breki ya nyuma isije ikasaidia, akaenda zake kwa kuwa hakutaka kuwa shahidi wa lolote. Mpanda baiskeli alikuwa Sajenti Sayi. Alipinga kwa hoja ya uzito, umri na heshima. Nyamizi akamwambia uzito ndio hasa unaohitajika.

Mara ya kwanza, pedi zikiwa kavu, Sayi alikuja kwa kasi, akabana, baiskeli ikalia ukelele uliowatoa watu kaunta, ikasimama.

Mara ya pili Nyamizi alizipaka pedi tone la mafuta ya alizeti. Sayi alikuja, akabana, akaendelea kuja. Alipita mbele ya Nyamizi akiwa ameukamata mkono wa breki kwa vidole vyote, uso wake umetulia kama wa abiria wa treni, akaingia moja kwa moja kwenye maua ya mkuu wa kituo.

"Mafuta yanafanya kazi!" alipaza sauti akiwa ndani ya maua. "Kesi imekwisha, mkuu!"

"Imekwisha kwa Ngollo au kwa mafuta?" Nyamizi alimsaidia kuinuka. "Mzee Sayi, umebana mara ngapi kabla ya kukosa breki?"

"Mara ya kwanza tu, si umeona!"

"Nami nimeona. Sasa Murtadha ametoka mjini, amevuka reli, amefika Igalula, ameanza kurudi. Breki zimeshika njia nzima, tena kuliko kawaida. Mafuta yangemwangusha mlangoni kwao."

Sayi alijipangusa petali begani, akafikiri. "Basi grisi."

"Grisi ni mafuta yaliyonenepa."

Walisafisha kila kitu kwa spiriti wakajaribu asali, kwa kuwa Tabora kitu kikinata mtuhumiwa wa kwanza huwa asali. Ilinata kidogo, ikateleza, na zaidi ya hapo ikaleta nyuki. Wanaojua kusimulia wanasema baada ya muda mfupi nyuki walikuwa wengi uwanjani hapo kuliko askari, na mmoja aliingia kaunta akasubiri zamu yake kutoa maelezo. Nta nayo iliteleza tangu mwanzo. Fundi wa magari alikuja kuchungulia, akaona, akarudi ndani.

Nyamizi alikaa kwenye ngazi, kielelezo mkononi. Alijisemea kwa sauti, kama alivyofanya kila alipokwama, na Sayi alikuwa amezoea kusikiliza bila kujibu.

"Kitu kinachonyamazisha chuma. Kikiwa baridi kinanata kama gundi. Kikipata moto wa kubana muda mrefu, kinakuwa sabuni. Kinapoungua kinanukia vizuri. Si mafuta, si asali, si nta. Na aliyekipaka hakutaka breki zisishike. Angetaka zisishike, yako mafuta kila jikoni."

Alivaa glavu, akachukua pedi moja kwa kibanio, akamwita Sayi awe shahidi, akaipitisha juu ya kiberiti cha gesi. Ule uso uliong'aa ulilainika, ukatoa moshi mwembamba. Sayi alinusa, akarudisha kichwa nyuma, akanusa tena.

"Kanisani," alisema.

"Siyo ubani. Nusa vizuri."

"Ubani uliokaa ndani ya mzinga."

Nyamizi alikizima kiberiti. Walitazamana. Mjini Tabora palikuwa na wauza asali wengi, lakini nyumba moja tu yenye asali ndiyo iliyolala na baiskeli ile kuanzia Jumatano hadi Jumamosi.

Bi Fakhria alijaza asali kwenye chupa nyuma ya nyumba yao, kwenye ghala lenye sakafu iliyosuguliwa mpaka unaona aibu kuikanyaga. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kuendesha watu. Ndiye aliyemlea Murtadha baada ya mama yao kufariki, na alimwita "mwanangu" bila kujisahihisha.

"Shikamoo dada," alisema Nyamizi.

"Marahaba, mdogo wangu. Mmekuja kuniambia ameungama?"

"Hajaungama. Nimekuja kukuuliza jambo moja. Tangu Ngollo aondoke Jumatano, alirudi tena?"

"Sikumwona. Lakini alirudi. Lazima alirudi, kwa siri."

"Kwa nini lazima?"

"Kwa sababu baiskeli ilikuwa nzima." Bi Fakhria aliweka chini chupa aliyokuwa akiifuta. "Hilo hakuna aliyeniuliza. Kituoni waliandika vitisho tu, vitisho tu. Mimi nawaambia breki zile Ijumaa zilikuwa salama, tena salama kuliko zilivyotoka dukani. Nilihakikisha kwa mkono wangu. Jumamosi zikamwangusha. Kwa hiyo kati ya Ijumaa na Jumamosi mtu alizichezea. Huo si ushahidi?"

"Ni ushahidi," alisema Nyamizi taratibu. "Ulihakikishaje?"

"Nilimsikia Ngollo kwa masikio yangu akisema diski inataka rezini. Murtadha akasema ataagiziwa, sijui Dar, sijui lini. Na mashindano hayo yaja! Nikatoka barazani nikasoma mwenyewe, imeandikwa hapohapo kwenye chuma. Vijana wa siku hizi hawafungui kamusi. Nikafungua. Resin: ulimbo." Alikunja mikono kifuani. "Sasa mdogo wangu, katika Tabora hii nzima, nani ana ulimbo safi kunishinda mimi?"

Sajenti Sayi alitazama sakafu.

Bi Fakhria alikwishafika rafuni. Alirudi na kopo, akalifunua kwa fahari. Ndani mlikuwa na donge la hudhurungi iliyokolea, na harufu yake ikajaa ghala: miti, moshi, mzinga. "Gundi ya nyuki. Yatoka Isikizya, kwa wafugaji wangu mwenyewe. Nyuki wanakusanya ulimbo wa miti, wanautafuna, wanazibia nyufa za mzinga. Nikauyeyusha kwa spiriti, nikapaka pedi zote, mbele na nyuma, nikaacha zikauke. Ijumaa asubuhi nilizijaribu hapo uani. Kelele zimekwisha. Na zilishika! Wallahi zilishika mpaka gurudumu la nyuma likainuka. Sikumwambia, nilitaka atoke aone mwenyewe. Aje ashangae. Halafu yule akaja akaiharibu kazi yangu."

Nyamizi alifunga daftari lake. Alikuwa amekuja na maswali mengine, yote yakawa hayana kazi.

"Dada, una jiko lenye moto?"

Lilikuwepo, la kupashia chupa. Nyamizi aliomba visu viwili vya mezani na kipande cha ile gundi. Alikipaka katikati ya visu, akavibananisha, akamkabidhi.

"Vitenganishe."

Bi Fakhria alivuta. Havikutengana. "Si nilikuambia?" alisema.

"Sasa viweke juu ya moto kidogo. Pedi zikibana diski kwa muda mrefu hupata moto zaidi ya huo."

Bi Fakhria aliviweka. Gundi ilianza kung'aa, ikalegea, ikatoa ule moshi mwembamba unaonukia. Nyamizi alivigusa kwa ncha ya kijiko, na kisu cha juu kikateleza juu ya cha chini, kikaanguka sakafuni kikilia.

Hakuna aliyeokota.

"Rezini ya kwenye diski si ulimbo wa mti," alisema Nyamizi. "Ni jina la aina ya pedi, inayosindikwa kiwandani. Neno ni lilelile, kamusi haikukudanganya. Murtadha aliniambia breki zilinyamaza, zikanata hadi Igalula. Tuamzigo akabana kutoka juu mpaka katikati kwa sababu ya ng'ombe. Hapo zikapata moto. Alisikia harufu nzuri, akaanguka."

Bi Fakhria alilitazama kopo mkononi mwake kana kwamba amekabidhiwa na mtu mwingine. Akalifunika. Akakaza kifuniko, akakikaza tena.

"Ngollo amelala huko siku ngapi?" aliuliza.

"Tangu ulipomtaja."

"Na kesho?"

"Kesho mahakamani. Isipokuwa maelezo yabadilike leo."

"Nami nimemtaja sokoni, nimemtaja msikitini, nimemtaja kwa mama yake mzazi." Alisema hayo bila kulia, akihesabu kwa vidole. Kisha akachukua baibui msumarini. "Sajenti, gari lenu lina nafasi?"

Kituoni Bi Fakhria hakutaka kuandikisha maelezo kwanza. Alitaka kumwona. Ngollo aliletwa tena akiburuza viatu, akamwona Bi Fakhria, akasimama mbali, mgongo ukutani.

"Shikamoo dada."

Bi Fakhria hakuitikia marahaba. Alisema yote kwa mfululizo, amesimama wima, kuanzia kamusi mpaka kisu kilichoanguka, kama mtu anayesoma tangazo la msiba wa nyumbani kwake. Alipomaliza, kutoka kaunta ilisikika sauti ya mtu akilalamikia kuku wake aliyeibwa.

"Dada," alisema Ngollo hatimaye, "na breki za nyuma ulizipaka?"

"Na za nyuma."

Ngollo alivuta pumzi. Alitazama dari, kisha mapaja yake, kisha dari tena, mabega yakaanza kutikisika. "Alhamdulillahi. Na mimi Mkristo nasema alhamdulillahi. Ungesoma na maandishi ya kwenye tairi, tungekuwa na marehemu kweli."

"Ngollo, usinifanyie utani."

"Nisipokufanyia mimi, nani?"

Hapo ndipo Bi Fakhria alipolia, kwa hasira, akijifuta kwa ukingo wa mtandio na kumwambia Sajenti Sayi aache kumtazama. Nyamizi aliandika maelezo mapya, akasoma, yakasainiwa. Akapiga simu kwa mwendesha mashtaka, akajibu "ndiyo" mara nyingi na "ulimbo" mara mbili. Sayi alikwenda kabatini, akarudi na mkanda wa Ngollo na kamba za viatu.

"Nani atamwambia Murtadha?" Bi Fakhria aliuliza. Aliuliza chumba kizima, lakini aliyekuwa akimtazama ni Ngollo. "Anaamka kila saa ananiuliza fundi amefungwa miaka mingapi. Mimi ndiye niliyemjaza hayo. Nitaingiaje pale wodini?"

Ngollo alikuwa ameinama akifunga kamba za kiatu cha kushoto. Alifunga fundo, akalipima, akahamia cha kulia.

"Tutaingia wote," alisema. "Wewe utasema. Mimi nitasimama mlangoni."

"Mlangoni kufanya nini?"

"Kumzuia asikimbie."

"Mguu wenyewe umening'inizwa, Ngollo!"

"Basi hata kuzuia sina kazi," alisema akisimama na kuvuta mkanda kiunoni. "Twende, dada. Saa ya kuona wagonjwa haijapita."